Una gari la turbo Kigoma? Soma hii kabla hujafunga filta ya koni

Ukishatoa Forester XT au Impreza yako bandarini, ushauri wa kwanza wa vijiweni ni huu: toa boksi la filta, funga koni, halafu weka valvu ya kutoa hewa nje ili gari lipige ule mlio wa "pshuu". Kwa Kigoma, ushauri huo unaweza kukuulia injini.

Turbo inataka vitu viwili tu

Turbo ni feni mbili kwenye shafti moja. Moja inasukumwa na moshi unaokwenda kwenye ekzosi, nyingine inavuta hewa na kuisindilia kwenye injini. Shafti hiyo inaweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na inabebwa na utando mwembamba wa oili. Kwa hiyo inahitaji hewa safi na oili safi. Ikikosa kimoja, hesabu siku.

Raha yake ipo, tusidanganyane. Ziwa Tanganyika lenyewe liko karibu mita 770 juu ya usawa wa bahari, na ukielekea Kasulu unazidi kupanda. Huko juu hewa ni nyepesi na injini ya kawaida hupungukiwa nguvu. Turbo hufidia sehemu ya upungufu huo, ndiyo maana Forester ya turbo inakupita mlimani kama umesimama.

Tatizo letu ni vumbi

Kati ya Kigoma mjini na Ujiji uko kwenye lami. Mwandiga hadi Manyovu pia lami. Ila ukiacha barabara kuu, au ukishuka kusini kuelekea Kalya, kuanzia Juni hadi Septemba unaendesha ndani ya wingu jekundu, hasa ukiwa nyuma ya lori.

Vumbi hilo likipita filta linafanya kazi ya msasa. Linakwangua kwanza mapanga ya feni ya turbo, kisha linaingia kwenye silinda na kula ringi. Dalili haziji siku hiyohiyo. Baada ya miezi unaanza kuona gari inakula oili, moshi wa bluu asubuhi, na nguvu zinapungua. Fundi anakwambia injini inataka kufumuliwa.

Ndiyo maana koni ya wazi sioni faida yake huku. Inakaa ndani ya boneti bila boksi, inavuta hewa ya moto inayotoka kwenye injini, na hewa ya moto ni nyepesi, yaani unapoteza kile ulichokuwa unakitafuta. Koni nyingi za bei rahisi zina matundu makubwa ili hewa ipite kwa wingi, na vumbi nalo linapita. Zile za pamba za kupaka oili zina kesi nyingine: ukizidisha oili inarukia sensa ya hewa, sensa inasoma vibaya, taa ya cheki injini inawaka.

Boksi la kiwandani lilipangwa livute hewa ya baridi kutoka mbele. Liache. Ukitaka kuboresha, tafuta filta bora yenye umbo lilelile, na hakikisha mpira wake wa pembeni unabana vizuri. Mwanya mdogo tu kwenye mpira huo una madhara kuliko filta iliyochakaa. Pitisha kidole ndani ya bomba baada ya filta. Kikitoka na vumbi, tayari linapita.

Na ile tabia ya kupuliza filta kwa upepo wa kompresa kila wiki? Presha kubwa inatoboa karatasi, na tundu hulioni kwa macho. Igonge taratibu, ikichoka badilisha. Bei ya filta haifanani hata kidogo na ya turbo.

Mlio wa "pshuu"

Subaru hizi hupima hewa mwanzoni kabisa, karibu na boksi la filta. Kompyuta inatoa petroli kulingana na hewa iliyopimwa. Ukimwaga hewa hiyo nje kila unapoachia mafuta, petroli yake inabaki bila hewa. Matokeo yake ni moshi mweusi, plagi chafu, gari kutetemeka unapobadili gia. Valvu ya kiwandani inairudisha hewa hiyo ndani, kimyakimya. Haina sifa mtaani, lakini inafanya kazi.

Kuongeza presha ya turbo ndiyo hatari zaidi. Turbo nyingi za Forester za soko la Japani zilipangiwa petroli ya oktani ya juu, ambayo vituo vya kule huuza ikiwa karibu 100. Ya kawaida huku iko chini ya hapo. Ukiongeza presha bila kupangiwa upya kompyuta, mafuta yanalipuka kabla ya wakati, injini inagonga, na kwenye injini za EJ sehemu inayoshika ringi kwenye pistoni huvunjika. Hapo unatafuta injini nyingine, na kwa Kigoma hiyo ni safari: Reli ya Kati peke yake kutoka Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,200.

Magonjwa yanayojirudia

Kwa Subaru, anza na oili. Baadhi ya EJ zenye turbo zina kichujio kidogo cha waya ndani ya boliti ya bomba la oili. Oili ikikaa muda mrefu inakuwa tope, kichujio kinaziba, turbo inakauka na kufa huku kijiti kikionyesha oili imejaa. Wengi wanabadilisha turbo bila kugusa boliti hiyo, na turbo mpya nayo inakufa. Mazingira ya vumbi ni mazingira magumu, hivyo fupisha muda wa kumwaga oili kuliko kilomita zilizoandikwa kwenye kitabu.

Mpira mkubwa unaopeleka hewa kwenye turbo nao hupasuka kwa uzee. Umejificha chini ya manifoldi ya kuingizia hewa, mafundi wengi wanauruka. Gari ikikosa nguvu bila sababu, kauangalie huo na klipu za intakula.

Wenye dizeli msicheke. Toyota 1KZ-TE ikichemsha mara moja tu inaweza kupasua silinda hedi. 1KD-FTV, inayopatikana kwenye Hilux na Prado, ina washa za shaba chini ya nozeli. Zikivuja, masizi yanaingia kwenye oili na kuziba chujio la ndani ya sampo. Turbo hukosa oili, halafu injini nzima inafuata. Land Cruiser ya 1HZ haikutoka kiwandani na turbo. Ukimfungia, unaongeza joto ambalo hakuandaliwa nalo. Kwake nunua bomba la hewa linalopanda hadi usawa wa paa, na kile kikombe cha kuzungusha vumbi. Huko juu vumbi ni pungufu.

Bomba hilo linasaidia na maji pia. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilipanda na maji yakavamia maeneo ya mwambao. Gari lililoshushiwa mdomo wa filta chini karibu na bampa likimeza maji pale, konrodi zinapinda papo hapo. Likizimika majini, usipige stata. Livutwe.

Unanunua la mkononi?

Nenda asubuhi, injini ikiwa ya baridi, na uwashe mwenyewe. Moshi wa bluu ni oili, mweusi ni mafuta mengi au hewa kidogo, mweupe usiokata injini ikishapata moto ni maji ya rejeta. Zima, mwombe fundi afungue bomba la hewa la turbo, kisha ashike shafti. Kucheza kidogo sana pembeni ni kawaida. Ikicheza mbele na nyuma, au mapanga yamemong'onyoka, punguza bei ya turbo nzima au ondoka. Muuzaji akikataa bomba lisifunguliwe, muage.