Kinga ya babu: namna ya kujua nani aliitengeneza na ni ya mwaka gani

Utangulizi

Karibu kila familia ya Lubumbashi iko na kitu kimoja cha zamani ambacho watoto wanakatazwa kuchezea. Kwa wengine ni gramafoni, kwa wengine ni koti la kazi lenye vifungo vya shaba. Kwetu ni kinga. Inasimama nyuma ya nyumba, imeegemea ukuta, rangi yake nyeusi imekuwa sawa na majani ya chai, na mipira yake imekufa zamani. Watoto wa siku hizi wanasema vélo. Sisi tunaendelea kusema kinga, jina ambalo ndugu zetu Wabemba wanalo pia, ng'ambo na ng'ambo ya mpaka.

Juu ya kinga hii kuna habari moja. Wazee walituambia kama babu alikuwa nayo tayari mwaka wa 1941, na kama siku ya tarehe 9 desemba alimbeba juu yake rafiki aliyepigwa risasi. Msomaji anaijua siku hiyo: wafanyakazi wa Union Minière walikuwa katika mgomo, wakikamata lupango la mpira la Elisabethville na kudai mshahara, askari wakawafyatulia. Makumi ya watu walikufa pale, na kati yao Léonard Mpoyi aliyekuwa akisema kwa niaba ya wenzake. Kwa familia yetu, kinga ni shahidi wa siku ile.

Sasa, kijana mmoja wa kwetu alipata mnunuzi. Akasema: «Habari ya 1941 ni hadithi ya wazee tu. Mimi nimeona namba, kinga ni ya 1952. Tuuzishe, tugawane franga.» Hapo maneno yakawa makali nyumbani. Nikaombwa, juu ya mimi ni mwalimu, nitafute ukweli. Ninaandika hapa njia niliyopita, ili na wengine waweze kuipita.

1. Jina la kinga haliko jina la kiwanda sikuzote

Kosa la kwanza ni kuamini jina. Nyumbani tuliita kinga yetu «Raleigh», kwa sababu zamani watu wengi waliita kila kinga nzuri nyeusi vile. Lakini alama ya mbele, ile ya chini ya gido, haikuwapo tena. Zimebaki paka tundu mbili za misumari.

Wakati alama imepotea, tazama gurudumu la meno, pale pedali zinaposhika. Waingereza walipenda kuandika jina lao ndani ya chuma kile. Raleigh waliweka ndege, korongo. Rudge waliweka mkono wazi. BSA waliweka bunduki tatu zilizoegemeana. Humber waliweka watu watano wanaozunguka sawa wanacheza. Nilipokwangua mafuta ya miaka mingi, nikaona miguu, kisha vichwa: watu watano. Na mguu wa mbele unaoshika gurudumu ulikuwa na bomba mbili kila upande, si moja. Hiyo pia ni alama ya Humber. Basi kinga ya babu haikuwa Raleigh.

Lakini ngoja kwanza. Humber ni nyumba ya zamani ya Uingereza, nayo kazi yake ya kinga iliingia mikononi mwa Raleigh wa Nottingham mwaka wa 1932. Rudge ilinunuliwa vile vile mwaka wa 1943, kinga za BSA mwaka wa 1957, na mwaka wa 1960 Hercules na Phillips zikaungana nao. Tena Hercules ziliundwa pia Madras, kule India, na Raleigh wenyewe walikuwa na kiwanda na Wahindi pale Asansol. Kwa hiyo jina linaweza kubaki, na kiwanda kikabadilika.

Namna gani kujua kama Humber yetu ilitoka Nottingham? Fundi wa kinga wa mtaa wetu ndiye aliyenifundisha. Alichukua kikombe cha chini, kile kinachoingia ndani ya kadre pale pedali zinapozunguka, kilichotoka kwa kinga ya Kihindi ya kawaida. Akajaribu kukizungusha: kikakataa. Sababu ni hii: karibu viwanda vyote vya Kiingereza vilikata nyuzi 24 kwa inchi moja, lakini Raleigh walikata 26. Kikombe kigeni hakiingii. Chuma chetu kilikuwa cha nyuzi 26. Basi ni Humber kwa jina, na Raleigh kwa mikono, tangu 1932 kuendelea.

2. Kuhesabu rayo na kusoma kitovu

Hata bila jina, magurudumu yanasema nchi. Waingereza wa zamani waliweka rayo 32 mbele na 40 nyuma, ili nyuma ibebe uzito. Watu wa bara la Ulaya walipenda 36 na 36. Yetu iko na 32 na 40.

Kisha kitovu cha nyuma. Kiwanda cha Sturmey-Archer, nacho cha Nottingham, kilianza mwaka wa 1902, na kitovu chake cha vitesi vitatu kinachoitwa AW kilitoka mwaka wa 1936. Juu ya chuma chake walipiga mwaka na mwezi. Hapa ndipo kijana wetu alisoma: AW, 52 na 9. Yaani septemba 1952. Hakusema uongo. Namba iko pale, na mimi mwenyewe niliisoma kwa miwani.

Ninakiri kwamba siku ile nilirudi nyumbani na huzuni. Niliona kama wazee wametudanganya, ao labda walichanganya kinga mbili.

3. Yale chuma hakikusema

Kesho yake nikaenda kwa shangazi, ambaye amepita miaka 80. Nikamwambia yote. Akanitazama, akacheka polepole.

«Mwana wangu, ile gurudumu ya nyuma haiko ya kwake. Baba yetu alianguka na kinga mu mutaro, gurudumu ikavunjika yote. Njo akaenda kuuza ingine ku magazini ya Mugreki. Mimi nilikuwa mutoto mudogo, lakini ninakumbuka. Tangu siku ile freni ya nyuma haikukamata tena. Alikuwa anasimamisha na viatu!»

Nikarudi mbio kwa kinga. Tazama janti ya mbele: ni ile ya zamani, yenye kina katikati, inayofaa freni za fito zinazovuta mpira juu kutoka ndani. Sasa tazama ya nyuma: pande zake ni bapa, ni janti ya freni za waya, zinazobana kwa pembeni. Na juu ya kadre, karibu na mguu wa nyuma, kuna alama mbili pale vishikio vya fito vilikuwa vimefungwa. Fito zenyewe hazipo. Ziliondolewa kwa sababu hazikuweza tena kukamata janti ile.

Basi maneno ya mama mzee na alama za chuma zilipatana. Namba 52 inasema umri wa gurudumu, haisemi umri wa kinga. Kijana wetu alisoma vizuri, lakini alisoma kiungo kimoja, akafikiri amesoma mwili wote.

Shahidi wa mwisho alikuwa kibati kidogo cha mwenye duka, kilichofungwa kwa kadre, ambacho kimebaki na neno Elisabethville. Majina ya miji yetu ni kalenda. Elisabethville ilikuwa Lubumbashi mwaka wa 1966, na Jadotville ikawa Likasi mwaka ule ule. Ukiona «Congo Belge», ni kati ya 1908 na 1960. Ukiona «Zaïre», ni kati ya 1971 na 1997.

4. Mpira una historia yake

Hatuwezi kusema juu ya kinga na kunyamaza juu ya mpira. Mwaka wa 1888 John Boyd Dunlop, pale Belfast, alipata hati ya mpira wenye pumzi. Ulaya yote ikataka kinga, na kinga ikataka kauchu. Ni katika miaka ile mawakala wa Léopold II na kampuni zake walilazimisha vijiji vya Kongo kukata kamba za msituni, kwa kiboko, kwa kufunga wanawake, kwa kukata mikono. Ubelgiji ilichukua nchi mwaka wa 1908. Na wakati wa vita vya 1940 hadi 1945 watu walirudishwa tena msituni kutafuta kauchu. Babu alinunua kwa jasho lake chombo ambacho mababu wa wengine walilipa kwa damu. Na hilo pia liandikwe.

Mwisho

Hukumu yetu ni hii. Kinga ni Humber, ilitengenezwa Nottingham kuanzia 1932, iliuzishwa Elisabethville mbele ya 1966, na gurudumu la nyuma halina umri zaidi ya septemba 1952. Chuma peke yake hakiapi kama babu alikuwa juu yake siku ya tarehe 9 desemba 1941. Lakini chuma hakikatai, na sasa hakuna mtu nyumbani anayeweza kusema namba imewafanya wazee kuwa waongo. Kinga haikuuzishwa.

Wewe msomaji ambaye uko na kinga ya zamani, usiisugue na mchanga, usiipake rangi mpya. Rangi inafunika namba, mchanga unakula alama. Futa kwa mafuta na kitambaa, hesabu rayo, andika kila namba pamoja na pahali ilipopigwa. Kisha chukua daftari uende kwa mzee wa nyumba kabla hujahukumu. Kinga inaweza kungoja ukutani miaka mingine 50. Shangazi hawezi kungoja.