Hasheem Thabeet: Namba 2 wa NBA aliyezunguka na begi lake

Haya wadau wa A-Town na vitongoji vyake, kuanzia Sakina na Ngaramtoni mpaka Tengeru na Usa River. Kuna ubishi hauishi kwenye viwanja vya kikapu na kwenye foleni ya kusubiri kompyuta: Hasheem Thabeet alifeli au hakufeli? Mmoja anasema jamaa alituaibisha, mwingine anasema alionewa. Wengi wanaobishana hata timu alizochezea hawazijui. Basi leo tunaweka historia yake yote hapa, kituo kwa kituo. Hifadhi ukurasa huu, mwenzako akianza ubishi mwonyeshe.

ALIKOTOKA

Hasheem alizaliwa Dar es Salaam Februari 16, 1987. Alisoma Makongo Sekondari, na mpira wa kikapu alianza kuucheza akiwa na miaka kama 15. Hapo ndipo pa kushika kwanza, maana wenzake aliokuja kupambana nao Marekani walishika mpira wakiwa watoto wadogo. Urefu wake ni mita 2.21. Ukisimama naye mlangoni wewe unapita, yeye anainama.

Urefu huo ndio uliomfungulia njia ya kwenda Marekani. Alimalizia sekondari Houston, Texas, katika shule ya Cypress Community Christian, na mwaka 2006 akaingia Chuo Kikuu cha Connecticut, chini ya kocha Jim Calhoun. Kwa wasiojua, hicho ni chuo kikubwa kabisa kwenye kikapu cha wanaume na cha wanawake.

CHUONI ALIKUWA MOTO

Hapa wanaosema hajui mpira wasome taratibu. Alitajwa mlinzi bora wa ligi ya Big East mara 2, 2008 na 2009. Msimu wake wa tatu, 2008/09, alikuwa na wastani wa pointi 13.6, ribaundi 10.8 na mitupo 4.2 aliyoizuia kwa kila mechi. Januari 31, 2009, dhidi ya Providence, alipata pointi 15, ribaundi 11 na kuzuia mitupo 10 katika mechi moja. Mitupo 10 bwana! Kuna timu nzima haifikishi hiyo.

Msimu huo chuo chake kilifika nusu fainali ya taifa, kikatolewa na Michigan State kwa 82-73. Tuzo ya mchezaji bora wa Big East aligawana na DeJuan Blair wa Pittsburgh.

Huyo Blair mkumbukeni. Februari 16, 2009, siku ya kuzaliwa ya Hasheem, Connecticut ikiwa namba moja kitaifa, Blair alimzidi nguvu chini ya ringi na kupata pointi 22 na ribaundi 23. Pittsburgh ikashinda 76-68. Blair ni mfupi kuliko Hasheem kwa karibu sentimita 20. Mwenye macho aliona mapema kwamba urefu peke yake una mwisho wake, hasa ukikutana na mtu mzito anayejua kukaa chini na kusukuma.

SIKU YA DRAFTI

Juni 25, 2009. Namba 1 alikuwa Blake Griffin, akaenda Clippers. Namba 2, Memphis Grizzlies wakamchukua Hasheem. Mtanzania wa kwanza NBA! Bongo ilisherehekea kweli kweli.

Tatizo likaja baadaye, watu walipoangalia waliofuata kwenye orodha. Namba 3 James Harden, aliyekuja kuwa mchezaji bora wa NBA mwaka 2018. Namba 7 Stephen Curry, mchezaji bora 2015 na 2016 na bingwa mara 4. Kila Harden na Curry walipofanya makubwa, mtu alifungua orodha ile, akaona jina la Mtanzania juu yao, akacheka. Lakini jiulizeni, hivi Hasheem ndiye aliyejichagua? Nafasi ile waliipanga viongozi wa timu, yeye aliitwa jina akasimama.

KITUO KWA KITUO

Memphis, 2009 hadi 2011. Msimu wa kwanza alicheza mechi 68, wastani wa dakika 13, pointi 3.1 na ribaundi 3.6. Mbele yake kwenye nafasi ya senta alikuwepo Marc Gasol, mtu aliyekuja kuwa mmoja wa masenta bora wa ligi. Februari 2010 Memphis wakamshusha kwa muda Dakota Wizards, timu ya D-League, yaani ligi ya kukuzia wachezaji chini ya NBA. Hakuna mchezaji aliyechaguliwa juu namna ile aliyewahi kushushwa kabla yake, na magazeti ya Marekani hayakumwacha.

Kwa sisi wa hapa, ni kama kupanda Meru. Umepita geti la Momella, umelala Miriakamba, umefika Saddle, halafu kiongozi anakwambia rudi Miriakamba ukazoee hewa kwanza. Hujafukuzwa mlimani, ila wanaokupita njiani wanakuangalia vingine.

Houston Rockets, 2011. Februari 24, 2011 Memphis ilimtoa pamoja na DeMarre Carroll ili impate mkongwe Shane Battier. Miezi 2 baadaye Memphis ikaitoa San Antonio, iliyokuwa namba moja upande wa Magharibi, raundi ya kwanza ya mtoano. Hasheem hakuwepo. Houston kwenyewe alicheza mechi 7 tu jumla, na muda mwingine akawa timu yao ya chini, Rio Grande Valley Vipers.

Portland Trail Blazers, 2012. Machi 15 akabadilishwa tena, safari hii pamoja na Jonny Flynn, kwa ajili ya Marcus Camby. Flynn ni nani? Namba 6 wa drafti ile ile ya 2009. Kwa hiyo hakuwa peke yake kwenye mkokoteni. Portland alicheza mechi 15.

Oklahoma City Thunder, 2012 hadi 2014. Hapa ndipo alipopumua. Timu ya Kevin Durant na Russell Westbrook, msimu wa 2012/13 ilishinda mechi 60 kati ya 82. Senta wa kuanza alikuwa Kendrick Perkins, Hasheem akaingia kutoka benchi. Mechi 66, dakika kama 12 kila mechi. Kazi yake ilikuwa moja na ilieleweka: ingia, ziba ringi, weka mwili, toka. Hakuna aliyemtaka awe Curry.

Mwaka 2013 Thunder wakamchagua kijana Steven Adams kutoka New Zealand. Mechi za Hasheem zikashuka kutoka 66 hadi 23. Agosti 2014 wakampeleka Philadelphia, ambayo ikamwacha bila kumchezesha. Detroit wakamwita kambini, hakupita mchujo, msimu wa 2014/15 akacheza D-League na Grand Rapids Drive.

Jumla NBA: misimu 5, mechi 224, wastani wa pointi 2.2 na ribaundi 2.7.

BAADA YA NBA

Wengi walidhani kaacha mpira. Kumbe wapi. Msimu wa 2017/18 alikuwa Japani na Yokohama B-Corsairs. Kuanzia 2020 akawa Taiwan, ambako alivaa jezi za Fubon Braves, Hsinchu JKO Lioneers na TaiwanBeer HeroBears. Baadaye akarudi nyumbani na kuichezea Dar City ya Dar es Salaam. Hesabuni wenyewe: mtu aliyeitwa galasa mwaka 2010, zaidi ya miaka 10 baadaye bado kuna timu inamlipa acheze.

SASA KWA NINI HAKUWIKA?

Tuseme ukweli bila ushabiki. Alianza kuchelewa. Alikuwa mzito wa miguu akitolewa mbali na ringi, mikono haikudaka vizuri pasi za haraka, na faulo zilimmaliza mapema. Chuoni urefu ulificha mengi. NBA kila timu ina watu warefu, tena wana nguvu kama Blair.

Upande wa pili, mchezaji wa namna hiyo hukua kwa kucheza. Kuanzia Februari 2010 hadi Machi 2012 alipita timu 3 za NBA na 2 za D-League. Kila akianza kuzoea mfumo wa kocha mmoja, anafungasha begi. Hapo hata fundi angeyumba.

Na jambo ambalo wengi hawalijui: mkataba wa mchezaji mpya wa raundi ya kwanza wakati ule ulikuwa na uhakika wa miaka 2 tu. Mwaka wa 3 na wa 4 timu ndiyo iliyoamua. Hasheem mwaka wa 3 aliupata, wa 4 hakuupata, ndio maana 2012 alikuwa mchezaji huru. Kuanzia hapo jina la "namba 2" halikumlinda tena. Misimu 2 ya Thunder aliipata kwa kazi ya chini ya ringi. Na NBA mchezaji akitimiza misimu 3 anakuwa na haki ya pensheni. Yeye ana 5.

TUFUNGE MJADALA

Kama kipimo ni namba 2 ya drafti, basi hakufikia, tukubali. Kama kipimo ni kijana aliyeanza kikapu kwenye miaka 15 akacheza mechi 224 kwenye ligi ngumu kuliko zote, hapo neno "kufeli" linatoka wapi? NBA siku zote ina mastaa wachache. Wanaobaki ni watu wa begi: leo mji huu, kesho mji ule, dakika 10, asante, kwaheri. Ni kazi, na ni kazi ngumu.

Kwa wewe mrefu unayesoma hii huku dakika za kafe zinakwisha: usisubiri miaka 15 ndio uguse mpira. Jifunze kudaka, jifunze miguu, beba vyuma. Urefu utakufikisha mlangoni. Ukishaingia ndani watakuuliza kingine.

Haya wadau, uwanja wenu. Ila ukileta ubishi, leta na namba!