Sigara ya kuriant ya kujaza: tuliipima majuma matatu mu Naviundu

Yaya yangu anavuta sigara tangia miaka mingi. Anaendesha moto ya kubeba watu, asubuhi anatoka Naviundu, anarudi giza imeingia, na pakiti moja inaisha ku njia. Mu mwezi wa tano ndugu yetu mumoja alifika toka Ubelgiji akamuletea zawadi: sigara ya kuriant, ile ya kujaza likwidi, pamoja na chupa ndogo ya mililita 10. Yaya akaniuliza swali ambalo wasikilizaji wetu pia wanauliza: hii kintu inaweza kukamata fasi ya pakiti, kila siku, hapa kwetu?

Miye sivuti. Kwa hiyo yeye njo alivuta, miye niliandika.

Tuanze na kintu chenyewe, maana wengi wanaiona mu mikono ya vijana lakini hawajui ndani mwake. Muntu aliyeitengeneza kwa namna tunayoijua leo ni mufarmasia wa China, Hon Lik, mu mwaka wa 2003, na yeye mwenyewe alikuwa muvutaji. Iko na sehemu mbili. Ya chini ni betri. Ya juu ni kartushi, kikopo kidogo cha plastiki ambamo unamimina likwidi, na chini yake kuna rezistansi: waya mwembamba unaogusa pamba. Ukivuta, betri inatuma kuriant ku waya, waya inapata moto, na likwidi iliyoingia mu pamba inageuka mvuke. Hakuna majani yanayoungua. Hiyo njo tofauti kubwa kuliko zote. Sigara ya kawaida inaharibu muntu zaidi juu ya moshi: lami inayobaki mu mapafu, na gazi ya kaboni, ndugu moja na ile ya mbabula ambayo inaua watu wakilala na makala mu chumba kilichofungwa.

Lakini mvuke si hewa safi. Likwidi inatengenezwa na glaiserini, propileni glaikoli, harufu ya matunda ao ya minti, na nikotini. Nikotini njo inayofunga muntu, iwe mu moshi, iwe mu mvuke.

Kujaza ni kazi ya subira, na Yaya hana subira. Unavuta kizibo cha mpira kando ya kartushi, unaingiza mudomo wa chupa, unamimina polepole mpaka karibu na alama, unafunga. Kisha unangoja dakika 10 hivi, likwidi iingie vizuri mu pamba. Siku ya kwanza hakungoja. Alivuta palepale, pamba kavu ikaungua, akakohoa mpaka mama akatoka inje kuangalia. Kartushi ikiungua hivyo haioshwi wala haitengenezwi, ladha ya kuungua inabaki mpaka uitupe. Kartushi moja ikaenda bure, na alikuwa nazo tatu tu.

Tena tulikuwa mu mwezi wa sita, wakati wa baridi. Wenye kuikala Lubumbashi wanajua asubuhi ya mwezi ule. Glaiserini ikipata baridi inakuwa nzito sawa asali, haikimbii ku pamba, na Yaya akivuta saa kumi na mbili ya asubuhi alikuwa anapata tena ile ladha ya kuungua. Dawa yake ni ndogo: kuiweka mu mufuko wa ndani, karibu na mwili, na kuvuta kidogo kidogo mpaka ipate joto. Mu mwezi wa kumi shida inageuka. Joto inafanya likwidi kuwa nyepesi, inatiririka chini, na mu mufuko wa muntu anayeruka juu ya mashimo na moto utakuta suruali imelowa. Kuhusu vumbi, sina haja ya kueleza. Tundu la sarjeri lilijaa vumbi nyekundu mu juma la kwanza, tukalisafisha na kijiti cha kiberiti kikavu.

Sasa kuriant yenyewe. Juu ya betri imeandikwa mAh 1000. Simu nyingi za siku hizi ziko na 5000, maana yake kujaza sigara hii ni kama kujaza simu mara moja ya tano. Haikuli kuriant mingi. Pawabanki ya mAh 10000, ukitosha ile inayopotea njiani, inaijaza mara sita hivi, na hata panneau kadogo ya juu ya nyumba inatosha. Kwa Yaya betri ilifika mpaka magaribi bila shida. Kuhusu sarjeri, kamata ile ndogo ya zamani, ya volti 5 na amperi 1. Sarjeri kubwa za simu mpya zinaweza kuleta joto mingi ikiwa kifaa hakina ulinzi mzuri ndani. Usiijaze juu ya kitanda, usilale ukiiacha inajaza, na kuriant ikianza kupanda na kushuka, itoshe. Betri ya lithiamu ikishika moto haizimiki kwa urahisi.

Shida ilikuja mu juma la pili. Kuriant ilikatika, ikabaki siku mbili haijarudi, jua pia lilikuwa limefichama, na pawabanki ilikuwa imekwisha juu watoto walikuwa wanaangalia filimu. Siku ya pili saa nne Yaya alisimama ku butiki akanunua sigara mbili.

Apa njo nimeelewa nguvu ya sigara ya kawaida kwetu. Haiombi kuriant, haiombi kungoja dakika 10, na haiombi feza mingi pamoja. Unanunua moja, na franka za mukononi. Sigara ya kuriant inaomba mambo kinyume: ulipe kifaa kwanza, kisha chupa nzima, kisha kartushi mpya kila juma moja ao mawili. Ukipiga hesabu ya mwezi, kwa mwenye kumaliza pakiti kila siku, inaweza kuwa rahisi zaidi. Chupa ya mililita 10 inajaza kartushi ya mililita 2 mara tano. Piga hesabu yako mwenyewe na bei za avenyu yako, lakini usisahau kartushi. Wauzaji wanapenda kutaja bei ya kifaa tu. Na ujue kama kartushi ya alama moja haiingii mu kifaa cha alama ingine. Zile za Yaya tulizitafuta mujini nusu siku. Hatukuzipata, ndugu wa Ubelgiji akatuma zingine na musafiri.

Sasa nafika ku jambo ambalo lilifanya niandike hii habari. Chupa ya Ubelgiji ilipokwisha, Yaya alinunua ingine mujini. Harufu ileile ya fraizi, ukubwa uleule, bei nzuri. Siku iliyofuata, akiwa na mama mumoja na gunia la unga nyuma yake, kichwa kikaanza kuzunguka. Jasho baridi, moyo unakimbia, tumbo linapanda. Alisimamisha moto kando ya barabara, akaketi chini, akatapika. Yule mama aliwaza ni malaria.

Usiku tukaangalia chupa mbili chini ya taa. Ya Ubelgiji: 20 mg/ml. Ya mujini: 5%. Yaya alisoma tano, akawaza ni ndogo kuliko ishirini. Kumbe asilimia 5 ni miligramu 50 mu kila mililita. Alikuwa anavuta mara mbili na nusu ya nikotini aliyozoea, mu kifaa kilekile, kwa kipimo kilekile cha kuvuta.

Ndugu musomaji, kama unachukua jambo moja tu mu hii habari, chukua hesabu hii. Asilimia zidisha kwa 10, unapata miligramu mu mililita. 2% ni 20. 3% ni 30. 5% ni 50. Mu inchi za Umoja wa Ulaya sheria inakataza kuuza likwidi inayopita miligramu 20, kartushi isipite mililita 2, chupa isipite mililita 10. Sheria hiyo inatumika tangia 2016. Kwa hiyo vifaa vingi vinavyotoka kule vinawaziwa kwa nguvu ile. Zinazoingia kwa njia zingine zinaweza kuwa na nguvu yoyote. Muvutaji wa sigara ya kawaida anaingiza mu mwili karibu miligramu moja ya nikotini kwa sigara moja, ao kupita kidogo. Kartushi ya mililita 2 yenye 5% inabeba miligramu 100. Si yote inaingia mu damu, lakini unaona namna kipimo kinavyokimbia. Na nikotini ya siku hizi, ile wanaita ya chumvi, haikwaruzi koo. Koo haikuambii simama.

Chupa ile ya 5% Yaya alikuwa ameiacha juu ya meza, pembeni ya radio. Mutoto wa dada yetu iko na miaka miwili, na chupa inanukia bonbon ya fraizi. Ndani mulikuwa imebaki kama nusu, miligramu 250 za nikotini. Kadogo tu ya hiyo inaweza kumutia mutoto mu hatari ya kufa. Kama mutoto amekunywa, usimulazimishe kutapika, usimupe maziwa wala mawese kama wakubwa wetu wanavyofanya kwa sumu. Mukimbize ku hospitali palepale, na ubebe chupa, ili munganga asome kilichoandikwa. Ikimwangikia muntu ku ngozi, osha na maji mingi, maana nikotini inapita hata mu ngozi. Kwetu sasa chupa inakaa juu ya kabati, mu kopo la kufunga.

Je, kwa afya Yaya amepata faida? Waganga wa dunia hawasemi sauti moja. Uingereza, huduma ya afya inawaambia wavutaji wakubwa kwamba mvuke unadhuru kidogo kuliko moshi, na inaitumia kama njia ya kuacha sigara. Shirika la Afya Duniani, OMS, mu mwezi wa 12 wa 2023 liliomba inchi zichukue hatua haraka, juu watoto wanaingia mu nikotini kupitia harufu za matunda. Uganda, jirani zetu, walikataza kabisa kuuza na kuingiza vifaa hivi mu sheria yao ya tumbaku ya 2015. Ubelgiji waliacha vya kujaza lakini walikataza vile vya kutupa, ambavyo vijana wanaita pufu, kuanzia tarehe 1 mwezi wa kwanza 2025.

Mawazo yangu ni haya. Kwa muntu ambaye tayari anamaliza pakiti, kuhama kabisa kutoka moshi kwenda mvuke wa kipimo kidogo ni kupunguza mabaya. Neno ni kabisa. Mwenye kuvuta mvuke nyumbani na sigara ku parking, moshi bado unaingia, na mishipa ya moyo haihesabu kama umepunguza nusu. Kwa kijana ambaye hajavuta hata siku moja, hakuna faida hata moja, ni kujifunga tu. Na munamke mwenye mimba asiiguse bila kuongea na munganga, juu nikotini inamufikia mutoto ndani.

Mwisho wa majuma matatu Yaya alikuwa ametoka ku sigara 20 kwa siku akafika ku tatu ao nne, zote za siku kuriant inapokosa na za magaribi akiwa na wenzake. Amerudi ku likwidi ya 20. Anasema kifua kimepunguza kukohoa asubuhi. Miye pia nimesikia, chumba chetu kinagawa ukuta. Tumekubaliana ajaribu kushuka ku miligramu 10 kisha aone.

Imebaki uchafu. Mu majuma matatu tulikuwa na kartushi mbili zilizoungua, chupa mbili, na pufu moja ya kutupa ambayo kijana wa jirani alitupa mu kaniveau mbele ya nyumba, betri yake ingali ndani. Mvua ya kwanza ikinyesha, kaniveau ile inapeleka yote ku muto Naviundu, muto ambao watafiti walikwisha kupima maji yake na kukuta metali nzito. Betri ndogo za namna hii, nyingi zinatengenezwa na kobalti, na inchi yetu njo inatosha kupita asilimia 70 ya kobalti ya dunia, mu udongo huu wa Katanga. Inapita Kasumbalesa ndani ya malori, inazunguka China, inarudi mu mufuko wa kijana na harufu ya embe.

Niliokota ile pufu, nikafunga ncha zake na skochi ili isishike moto. Hapa kartye hatuna fasi ya kupeleka betri zilizokufa. Iko mu kopo la zamani la maziwa ya unga, juu ya kabati, pamoja na betri ya simu iliyovimba.