Uondoaji kamili wa tezi dundumio

Uondoaji kamili wa tezi dundumio ni upasuaji wa kutoa tezi yote ya thairoidi, yenye umbo la kipepeo mbele ya koo, hasa kwa ajili ya kutibu saratani. Theodor Kocher, daktari wa Bern, Uswisi, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1909, alieleza mwaka 1883 jinsi wagonjwa waliotolewa tezi yote kwa sababu ya rovu walivyodhoofika mwili na akili. Siku hizi, ili kuepuka hali hiyo, mgonjwa humeza kidonge cha levothairoksini, homoni mbadala ya tezi hiyo, kila siku maisha yake yote.

Neno “kamili” si la kuchukuliwa kihalisi sana. Mara nyingi chembe chache hubaki, hasa pale tezi inaposhikana na koromeo karibu na neva ya sauti. Kuzikwangua zote kunaweza kumwacha mgonjwa na sauti ya kukwaruza. Tezi nne ndogo zinazodhibiti kalsiamu, kila moja kama punje ya mchele, nazo huachwa. Katika saratani ya papilari na ya folikula, mabaki huweza kuangamizwa kwa iodini 131, kisha damu hupimwa thairoglobulini, protini ya tezi hiyo, ili kuona kama saratani imerudi. Saratani ya medula, kwa upande wake, haifyonzi iodini, hivyo njia hiyo haiifai.