Mwamuzi wa Wagusii na Ng'ombe wa Mahari

Imekuwa desturi katika maandishi yetu ya Kiswahili kumwita mzee wa Kigusii aliyesikiliza mashauri "hakimu". Neno hili lina taabu yake. Hukumu ya hakimu ina nguvu za dola nyuma yake. Ilhali katika nchi ambayo leo ni Kisii na Nyamira, kabla Waingereza hawajaitiisha kwa silaha mwaka 1905 na tena 1908, dola ya namna hiyo haikuwako. Wagetutu walikuwa na omogambi, mtawala wa kurithi. Kwingineko mashauri yalikatwa na wazee wa ukoo. Shina la neno omogambi laelekea kuwa lile lile la Kiganda okugamba, "kusema", na la Kiswahili chetu kuamba. Mzee alisema, na neno lake lilishika iwapo pande zote mbili zimelikubali. Zisipokubali kiliitishwa kiapo, emuma, na mwenye kuapa uongo akaachiwa adhabu isiyotoka mikononi mwa binadamu.

Shauri la mahari laonyesha sababu ya uangalifu huo. Kaka alioa kwa ng'ombe waliotolewa kwa ajili ya dada yake. Dada akimwacha mumewe na ng'ombe wakadaiwa, huenda wamekwisha kufika kwa wakwe wa kaka. Kuamuru warudishwe ni kuitikisa nyumba ya pili, pengine hata ya tatu. Watoto nao walihesabiwa kuwa wa yule aliyetoa ng'ombe, hata kama aliyewazaa ni mwingine. Kazi ya mzee hapo ilikuwa kuamua kwa maana ya asili ya neno hilo, yaani kuwatenga wanaopigana.

Serikali ya kikoloni ilimketisha mzee mezani. Sheria ya mabaraza ya wenyeji ya mwaka 1930, kisha ile ya mahakama za Kiafrika ya 1951, zilimtia katika kazi ya madaftari, ada na rufani. Wagusii waliziita mahakama hizo ritongo, nao wakazipelekea mashauri ya mahari kwa wingi. Mwaka 1950 Philip Mayer, aliyekuwa mtaalamu wa elimu-jamii wa serikali, alichapisha utafiti mzima juu ya sheria na desturi ya mahari hayo. Sasa ng'ombe waliweza kurudishwa kwa amri, wakwe wapende wasipende.

Badiliko la pili halikutajwa sana, nami naliona kuwa kubwa zaidi. Mwaka 1965, katika shauri la Kimani na Gikanga, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki iliamua kwamba anayetegemea mila sharti aithibitishe kwa ushahidi. Mwaka 1967 mahakama za Kiafrika zikaingizwa katika mfumo mmoja wa mahakimu. Katiba ya 2010, kifungu cha 159, inazitaka mahakama zikuze njia za jadi za kusuluhisha, lakini katika Mahakama Kuu, Kisii au Nyamira, mzee hasimami tena kama mwamuzi. Husimama kizimbani kuwa shahidi wa mila, akaulizwa maswali na mawakili, pengine kwa kinywa cha mkalimani.