Nyumba ya Likizo Unguja na Pemba: Namna ya Kuilinda na Wadudu Inapofungwa

Familia nyingi za Ghuba zenye asili ya Unguja na Pemba zina nyumba huko: ya urithi Mji Mkongwe, iliyojengwa upya shamba, au iliyonunuliwa karibu na pwani kwa ajili ya likizo. Nyingi hufunguliwa mara moja au mbili kwa mwaka, zaidi Julai na Agosti, skuli za Ghuba zinapofungwa. Mwenye nyumba hufika na kopo la dawa ya kupuliza, na usiku wa kwanza hupita katika vita na mende na mbu.

Lakini wadudu hao hawakuingia siku hiyo. Waliingia wakati wa masika, Machi hadi Mei, nyumba ikiwa kimya na hakuna wa kuwaona. Kwa hivyo nyumba ya likizo hulindwa siku inapofungwa, na katika miezi ambayo wenyewe hawapo.

Mbu: tafuta maji kwanza

Mbu huhitaji maji yaliyotuama ili azaliane, na katika joto la pwani yai huwa mbu kamili kwa muda wa wiki moja hadi mbili. Wako wa namna tatu wanaopaswa kujulikana.

Anopheles huuma usiku na huambukiza malaria. Ugonjwa huu umepungua sana Zanzibar tangu miaka ya 2000, lakini haujaisha.

Aedes ana mistari myeupe miguuni, huuma mchana, na huambukiza homa ya dengi. Hupenda maji safi ya tangi, pipa, chungu cha maua na mlizamu ulioziba majani. Mayai yake hugandana ukutani mwa chombo, juu kidogo ya maji, na huweza kukaa makavu kwa miezi mingi bila kufa. Mtu akimwaga maji ya tangi akaondoka, mayai hubaki. Akirudi na kulijaza, huanguliwa. Ndiyo maana kumwaga hakutoshi. Tangi na pipa visuguliwe kwa brashi, vikaushwe na vifunikwe vizuri.

Culex huzaliana katika maji machafu ya karo na vyoo vya shimo, na ndiye anayeeneza matende pwani yetu. Mwishoni mwa miaka ya 1980, huko Makunduchi, kusini ya Unguja, wataalamu walimwaga vipira vidogo vyepesi vya polistireni ndani ya vyoo vya shimo. Vipira vikaelea na kufunika maji, mbu wakakosa pa kutaga na viluwiluwi wakakosa hewa. Pamoja na dawa ya matende waliyopewa wakaazi, mbu na vimelea vya ugonjwa vilipungua sana. Funzo lake kwa mwenye nyumba ni jepesi: ziba njia ya kufikia maji. Mfuniko wa karo usiwe na ufa, na bomba lake la hewa livishwe wavu.

Madirisha na milango ya nje iwekwe wavu wenye matundu yasiyozidi milimita 1.2. Chunguza kingo zake, kwani mara nyingi wavu ni mzima lakini fremu imeachana na ukuta. Moshi wa udi hupunguza mbu kwa muda tu. Hauwezi kuchukua nafasi ya chandarua kilichotiwa dawa.

Mchwa na wadudu wa mbao: soma unga ulioanguka

Nyumba za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake hubebwa na boriti za mikoko. Boriti ikiliwa, kinachoanguka ni sakafu ya juu. Kabla ya kumlipa fundi wa dawa, jua kwanza adui ni nani.

Mchwa wa ardhini huhitaji unyevu na hukimbia mwanga. Hupanda ukutani ndani ya vinjia vya udongo. Ukivunja kinjia kimoja na baada ya siku chache ukakikuta kimejengwa tena, bado wamo. Kwao tiba huanza kwenye maji: bomba linalovuja, paa linalopitisha mvua, udongo au kuni zilizoegemezwa ukutani. Kisha ndipo fundi atie dawa ya ardhini kuzunguka msingi.

Mchwa wa mbao kavu hawana haja ya udongo. Huishi ndani ya mbao yenyewe, na hutupa nje chembe ngumu zinazofanana na mchanga. Wadudu wanaobungua mbao huacha vitundu vidogo vya mviringo na unga laini kama wa ngano. Kwa hawa wawili, dawa ya ardhini haisaidii kitu. Mbao yenyewe ndiyo itiwe dawa au ibadilishwe.

Fagia sakafu siku ya kufunga, na umwambie mwangalizi akupigie picha ya unga wowote atakaouona chini ya boriti, milango na samadari. Picha hiyo itakuambia mengi kabla hujakata tiketi.

Hati za nyumba, picha za wazee na barua za zamani zisiachwe ndani ya kabati la mbao lililogusana na ukuta. Ziwekwe katika chombo cha plastiki kinachofunga, juu ya rafu ya chuma, na nakala zake ziwe nawe.

Mende, sisimizi na fukusi

Mende wengi hupanda kupitia matundu ya maji machafu. Kwa kawaida maji kidogo hubaki kwenye kona ya bomba na kuziba njia. Nyumba ikifungwa kwa miezi, maji hayo hukauka na njia huwa wazi. Kabla ya kuondoka, mimina maji katika kila tundu la bafuni na jikoni, tia vijiko viwili vya mafuta ya kupikia juu yake ili yasikauke haraka, kisha ziba tundu kwa kifuniko au mfuko wa plastiki uliotiwa mchanga.

Usiache mchele, unga wala dengu. Fukusi hawangoji mwaliko. Jirani atakushukuru kwa chakula hicho. Zima friji, ikaushe, na uiache mlango wazi.

Tahadhari ya dawa kwa watoto

Vile vidonge vyeupe vya naftalini vinavyowekwa kwenye nguo na vyooni vina hatari kwa mtoto mwenye upungufu wa G6PD, hali ambayo ni ya kawaida sana kwa Waomani na ambayo humfanya mtoto akatazwe kula ful. Naftalini inaweza kuvunja chembe zake za damu. Kama yuko mwenye hali hiyo nyumbani, vidonge hivyo visitumike kabisa, na nguo na mashuka yaliyohifadhiwa navyo yafuliwe na kuanikwa juani kabla ya kuvaliwa au kutandikwa.

Mwenye ufunguo

Kazi yote hii hutegemea mtu mmoja aliye karibu. Mlipe, usimwombe tu fadhila. Kila wiki mbili, na kila wiki wakati wa mvua, afungue madirisha yenye wavu nyumba ipate hewa, amwage maji yaliyotuama, aongeze maji kwenye matundu na akague kuta. Wapuliziaji wa dawa ya malaria wakipita mtaani, awafungulie mlango.

Hii ni haki ya jirani pia. Mbu waliozaliwa katika tangi lako hawakufuati Maskat. Hubaki pale pale, wakiuma watoto wa nyumba ya pili mwaka mzima. Na upande wa mali, wazee walishasema: usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Homa baada ya kurudi

Watoto waliozaliwa Ghuba hawana kinga yoyote ya malaria. Kabla ya safari, muulize daktari kuhusu dawa za kujikinga, na umtajie G6PD, kwa sababu baadhi ya dawa za malaria hazimfai mwenye hali hiyo.

Dalili za malaria mara nyingi huja siku 7 hadi 30 baada ya kuumwa, na pengine baadaye zaidi, wakati familia imesharudi na watoto wako skuli. Mtoto akishikwa na homa katika miezi ya mwanzo baada ya safari, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, na neno la kwanza kumwambia daktari liwe kwamba alikuwa Zanzibar, na lini. Asipolisikia hilo, huenda asifikirie kupima malaria.