Mti na Nyumba katika Bonde la Kyela

Mti uliosimama karibu na nyumba una wenyewe wengi. Mwenye nyumba hukaa katika kivuli chake, jirani huogopa tawi lake, ukoo huwakumbuka wafu wake waliozikwa kando ya shina lake, na serikali huutia katika orodha ya miti ya kuhifadhiwa. Ikiulizwa ni nani mwenye haki ya kuukata, kila mmoja hujibu kwa sheria yake. Katika bonde la Kyela, kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa, swali hili lina historia ndefu. Nia ya insha hii ni kuonyesha kwamba zamani nyumba ndiyo iliyoupisha mti, na leo mti ndio unaotakiwa kuipisha nyumba. Na kwamba sheria zilizoandikwa hazijalitazama vema badiliko hilo.

Mwaka 1879 msafiri Joseph Thomson alifika katika nchi hii akitokea pwani. Aliisifu kwa maneno ambayo hakuitunukia nchi nyingine nyingi. Aliona migomba iliyozaa sana, uwanda uliofagiliwa usiwe na magugu wala takataka, nyumba za mviringo zenye kuta zilizopambwa, na hapa na pale mikuyu mikubwa yenye kivuli kipana. Msomaji na aangalie jambo moja katika picha hiyo. Watu waliofyeka kila gugu waliiacha mikuyu isimame. Kuiacha hakukuwa uvivu wa shoka. Kulikuwa ni uamuzi, na uamuzi unaoshikwa na watu wote kwa vizazi ni sheria, ijapokuwa haikuandikwa.

Godfrey na Monica Wilson, waliofanya uchunguzi miongoni mwa Wanyakyusa kati ya mwaka 1934 na 1938, walieleza jinsi vijiji vilivyoundwa. Vijana wa rika moja walijenga pamoja, mbali kidogo na baba zao. Wakati wa ubusoka, yaani sherehe ya kukikabidhi kizazi kipya nchi na utawala, miti ilipandwa kwa ajili ya malafyale mpya. Basi mti ulikuwa hati ya utawala kabla ya karatasi. Nyumba, kwa upande wake, ilikuwa ya mianzi, udongo na nyasi. Mtu alipogombana na jirani, au kijiji kilipoingiwa na mauti mengi, nyumba iliachwa na nyingine ikajengwa kwingine. Mti mzee ukiinama juu ya paa, haukosi kutisha. Lakini paa lilikuwa jepesi, na kulihamisha kulikuwa rahisi kuliko kuuangusha mti.

Juu ya hayo palikuwapo na vichaka vitakatifu. Lubaga, katika milima ya Rungwe, palikuwa mahali pa Lwembe. Na Palikyala, huku bondeni, palikuwa mahali pa Kyala, ambaye jina lake wamisionari walilichukua baadaye kuwa jina la Mwenyezi Mungu. Machifu nao walizikwa katika vichaka, na miti iliyoota juu ya makaburi yao haikukatwa. Hapakuwa na mlinzi wala faini. Hofu ya wafu ilitosha.

Wamisionari wa Kijerumani walifika mwaka 1891, na mwaka 1893 boma la Langenburg likajengwa kwenye pwani ya kaskazini-mashariki ya ziwa. Mwaka huo huo meli ya Hermann von Wissmann ilianza kazi, na tanuri yake ililishwa kuni za nchi hizi. Amri ya Kijerumani ya kulinda misitu ilitolewa mwaka 1904, na ya Kiingereza mwaka 1921. Zote mbili zilitazama msitu, yaani mbao, maji na mapato ya dola; mti wa uani haukuwa na sura mbele yake. Sheria ya Mamlaka za Wenyeji ya mwaka 1926 ilikaribia zaidi, kwa kuwa iliwapa machifu uwezo wa kutoa amri juu ya ukataji wa miti. Lakini mwenye kutoa amri hakudumu. Uchifu ulifutwa kisheria mwaka 1963, halmashauri za wilaya zikavunjwa mwaka 1972, na hazikurudi mpaka mwaka 1984. Katika muda wa miaka 21 mamlaka ilibadilika mara tatu, na mkuyu ule ule umesimama.

Wakati huo nyumba nayo ilikuwa ikiota mizizi. P. H. Gulliver, katika kitabu chake cha mwaka 1958 juu ya umilikaji wa ardhi wa Wanyakyusa, alionyesha jinsi uhaba wa ardhi, kahawa ya milimani na mpunga wa bondeni vilivyomfunga mtu kwenye kipande chake. Kakao ikazidisha kifungo hicho huku Kyela, kwa sababu mkakao hukaa miaka mingi na haubebeki. Kisha likaja tofali la kuchoma na bati. Na tofali lenyewe huchomwa kwa kuni, hata twaweza kusema kwamba nyumba mpya huanza kuula mti kabla ya kuugombania uwanja. Nyumba ya namna hiyo haihami. Makaburi ya ukoo, yaliyo papo hapo uani, hayahami pia. Ardhi ya bonde ni laini, iliyoletwa na mito ya Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo. Mvua ni nyingi mno. Na mti mkubwa ukilegea shina, hauangukii tena nyasi na mianzi, bali huangukia akiba ya maisha ya mtu.

Hapo ndipo ugumu ulipo. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 yadai kibali kwa miti iliyotangazwa kuwa ya hifadhi, hata ikiwa nje ya misitu ya hifadhi. Yaani huanza kwa kuuliza, huu ni mti gani? Mzee wa kijiji huuliza jambo jingine: huu ni mti wa nani, na chini yake amelala nani? Naye mwenye nyumba huuliza: utaanguka lini? Maswali matatu haya ni ya haki yote, na kila moja likijibiwa peke yake hudhulumu mengine. Mwenye kutazama aina tu humwacha mjane alale chini ya tawi lililooza akingoja karatasi. Mwenye kutazama hatari tu hufungua mlango kwa kila mwenye tamaa ya mbao aseme kwamba anaogopa.

Sheria mojawapo imeanza kuiambia nyumba isimame mbali. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 yakataza shughuli za kudumu zenye kudhuru mazingira ndani ya meta 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa. Kwa nchi yenye mito minne na pwani ndefu, hilo si neno dogo. Ni kama desturi ya kale imerudi kwa kipimo cha meta: si mti unaoulizwa kwa nini umesimama hapa, bali ni mjenzi anayeulizwa kwa nini amekuja.

Njia ya kuyakutanisha maswali yale matatu ipo. Kwa Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982, halmashauri ya kijiji yaweza kutunga sheria ndogo, ikaupelekea mkutano mkuu wa kijiji maoni yatolewe, kisha halmashauri ya wilaya ikaithibitisha. Katika mkutano huo mwenye nyumba, jirani na wazee wa ukoo waweza kusikilizwa mahali pamoja, na mti ukaamuliwa papo unaposimama badala ya kuamuliwa kwa jina lake katika orodha. Wahenga walisema, mti hauendi ila kwa nyenzo. Kyela ya zamani haikuhitaji nyenzo, maana nyumba ndiyo iliyokwenda. Kyela ya leo yaihitaji, na nyenzo hiyo ni sheria iliyotungwa na watu walalao karibu na mti.